Nafasi Moja, Madaktari Wawili

Nafasi ilikuwa moja, na madaktari katika nyumba ile walikuwa wawili, mume na mke.

Hawakuwa madaktari wa kutibu. Hilo lilikuwa limewachukua majirani muda kulielewa, na wengine hawakulielewa kabisa. Mtoto akipandwa na homa, bado mtu aligonga mlango wao, akaambiwa kwa upole kwamba hapa hakuna dawa, akaondoka akinung'unika kwamba basi huo udaktari ni wa nini. Ulikuwa udaktari wa shahada ya uzamivu, wote wawili wa uhandisi wa maji, wote wawili wametoka maabara moja, mikononi mwa profesa mmoja. Wanafunzi wenzao waliwabatiza majina yaliyowaganda mpaka mtaani. Mume aliitwa Mrefu, kwa kuwa kila mlango ulimlazimisha ainame. Mke aliitwa Kichungi, kwa kuwa miaka yote ya masomo alikuwa hana mazungumzo mengine ila vichungi vya maji.

Tangu wahitimu walikuwa wakiishi kwa kuokoteza. Mrefu alisahihisha mitihani ya wanafunzi wa jioni wa chuo cha ufundi, akilipwa kwa kila karatasi, tena baada ya kuomba mara tatu. Kichungi alikusanya watoto wa jirani barazani akawafundisha hesabu. Binti yao alikuwa na miaka minne, na mama mzazi wa Mrefu aliishi nao katika chumba cha nyuma. Walipopanga nyumba ile, mwenye nyumba alifurahi kusikia anapangisha madaktari. Siku hizi kila akija kudai kodi alilitamka neno hilo kwa namna yake: "Hodi kwa ma-dok-ta."

Chuo kikuu kilipotangaza nafasi ile, ya utafiti wa miaka miwili kwa waliokwisha kupata uzamivu, Mrefu alimsomea mama yake tangazo kwa sauti. Mama alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua maharagwe.

"Hebu nielezeni," akasema. "Si mlizamia miaka yote ile? Na baada ya kuzamia, mnaomba kuzama tena? Mtaibuka lini, wanangu?"

Walicheka wote, hata Kichungi. Lakini kicheko kilipokwisha, kila mmoja akabaki anaitazama ile namba moja kwenye tangazo.

"Tuombe wote," alisema Kichungi. "Atakayepata, amepatia nyumba."

"Na asiyepata?"

"Atampikia mwenzake." Akamtazama mumewe kwa jicho la utani. "Uanze kujifunza kupika."

Utani ule ulikuwa na ukweli ndani yake, na Mrefu aliujua. Mradi wenyewe ulikuwa wa Kichungi hata kabla haujapata mfadhili. Kulikuwa na vijiji ambavyo maji ya visima vyake yalikuwa na madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa kahawia na kupinda miguu yao. Kichungi ndiye aliyekesha na tanuri akichoma mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni hadi ikawa mkaa unaonasa madini hayo. Yeye ndiye aliyejua mkaa uwe na weusi gani, na moto ushushwe wakati gani. Mrefu alikuwa mtu wa kompyuta. Alikokotoa maji yatapitaje ndani ya kichungi na kwa kasi gani. Kazi yake ilikuwa nzuri. Ila bila mkaa wa mkewe hakukuwa na cha kukokotoa.

Wiki ile ile ya kuitwa kwenye usaili, Kichungi alimwambia jambo jingine. Walikuwa wawili tu, wanaanua nguo kambani.

"Nimekwenda kupima," alisema. "Ni kweli. Ni changa bado."

Mrefu alifurahi, na papo hapo akaogopa. Akamshika mkono, shati lililokauka likiwa katikati yao.

"Usimwambie mtu," akasema Kichungi. "Hata mama. Wakijua pale chuoni, wataniangalia tumbo badala ya kuniangalia usoni. Nikishapata au nikishakosa, ndipo tuseme."

"Nani ataniuliza mimi habari za tumbo?" akasema Mrefu.

*

Waliitwa siku moja, Kichungi kwanza, Mrefu nyuma yake. Walikaa kwenye benchi la mbao ukutani mwa korido, pamoja na kijana mmoja aliyehitimu mwaka uliopita, ambaye suti yake ilikuwa bado na mkunjo wa dukani. Kijana aliwaamkia kwa heshima zote. Hakujua akae wapi, maana kukaa katikati ya mume na mke hakuweza, na kukaa mbali alihofia aonekane ana maringo. Akasimama.

Kichungi alitoka uso umenawiri. Mrefu alikuwa hajamwona na uso ule tangu siku ya mahafali.

"Wamenibana," alinong'ona, akimnyooshea mumewe kola ya shati. "Yule bwana wa wafadhili ndiye mkali. Atakuuliza moto ukizidi inakuwaje. Mwambie mkaa unageuka mweupe, ukishakuwa mweupe umekufa, haunasi kitu. Usianze na hesabu zako. Anza na hilo."

"Na wewe je? Mbona unanipa majibu?"

"Ingia bwana, wanakungoja."

Ndani walikuwa watu watatu. Profesa alikaa katikati, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mkufu. Huyu ndiye aliyewalea wote wawili kitaaluma. Kulia kwake mkuu wa kitivo, kushoto bwana wa wafadhili. Swali la moto lilikuja, na Mrefu akalijibu kama alivyofundishwa koridoni. Bwana wa wafadhili akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Wakaulizana na kujibizana, mambo yakaenda vizuri. Kisha mkuu wa kitivo akajiegemeza kitini, akatabasamu kama mtu anayefunga mazungumzo.

"Dokta, hii kazi ina safari nyingi. Vijijini, wiki nzima nzima. Na mwenzako naye ameomba nafasi hii hii, sivyo? Nyumbani mmejipangaje?"

Lilikuwa swali ambalo lingeweza kujibiwa kwa neno moja. *Tutajipanga*, angesema, wangecheka, angetoka. Mrefu alilifikiria neno hilo baadaye mara nyingi, jinsi lilivyokuwa fupi na jinsi lilivyokuwa karibu. Lakini mbele yake aliona kalamu tatu, na nyuma yake, koridoni, aliuona uso wa mkewe uliotoka umenawiri, na kitu fulani kikamwingia. Hakikuwa chuki. Kilikuwa kile anachohisi mtu anayekimbia vizuri, akasikia nyayo za anayekimbia vizuri zaidi.

"Kwa sasa mwenzangu ni mjamzito," akasema. "Ni mimba changa. Kwa hiyo kwa upande wa safari, mimi ndiye niliye huru zaidi."

Profesa aliivaa miwani yake, akamtazama, akaivua tena. Mkuu wa kitivo akaandika neno, fupi tu.

"Hongereni," akasema.

*

Jibu lilipokuja lilikuwa la Mrefu.

Mama alipiga vigelegele hadi jirani wa pili akachungulia dirishani. "Nilisema mimi! Nyumba husimama kwa mwanamume!" Kisha akamwona mkwewe amesimama na mwiko mkononi, akaongeza haraka, "Na kwa mke wake, mwanangu. Na kwa mke wake."

Kichungi aliuweka mwiko, akaingia bafuni, akafungulia maji. Maji yakamwagika kwenye ndoo muda mrefu kuliko ndoo inavyohitaji. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Hongera, mume wangu. Kimeingia ndani, hakikutoka nje."

"Nilidhani watakupa wewe," akasema Mrefu, na hili lilikuwa kweli.

"Na mimi nilidhani hivyo," akasema Kichungi, akacheka kidogo. "Labda nilijiona sana. Kuna jibu moja nimelirudia kichwani siku zote hizi, lile la gharama za tanuri. Nadhani hapo ndipo nilipoanguka."

Mrefu alipata nafasi ya kukiri hapo, mlango ulikuwa wazi kabisa, na akaupita. Mkewe akaendelea miezi kadhaa kulichokonoa jibu lile la gharama za tanuri kama mtu anayechokonoa jino, akitafuta alikokosea.

Mshahara ulianza kuingia. Haukuwa wa kutisha, lakini ulikuja bila kuombwa, na hiyo peke yake ilikuwa raha waliyokuwa wameisahau. Kodi ililipwa. Mwenye nyumba akaanza kusema "dokta" kwa neno moja lisilokatwa. Kichungi akaanza kliniki, mama akaambiwa kuna mjukuu wa pili njiani, akapiga tena vigelegele vyake.

Na kila jioni Mrefu alirudi na maswali. Tanuri lilimshinda. Aliweza kukuonyesha kwenye skrini kila tone la maji linavyopita, lakini mifupa haikuijua skrini. Kichungi alikata mboga huku akimsikiliza.

"Moshi ulikuwa wa rangi gani mlipoufunga mlango?"

"Sikuangalia."

"Mungu wangu! Usiangalie saa, angalia moshi. Ukiona umekuwa mwembamba, wa bluu bluu hivi, ndipo ufunge. Fundi wa maabara hakukwambia?"

"Fundi anasema tangu uondoke wewe yeye anafuata anachoambiwa."

Kichungi alicheka, akafurahi, akachukua kalamu ya binti yao akamchorea mumewe tanuri kwenye karatasi iliyofungiwa nyanya. Mrefu aliutazama mkono ule unavyochora, wenye haraka na usiosita, akajisikia kama mtu anayelishwa na mtu aliyemwibia.

*

Siku vichungi vya kwanza vilipokamilika, Profesa aliandaa hafla ndogo pale pale maabara, chai na keki, na kila mtu aje na familia yake. Bwana wa wafadhili alikuwepo, na picha zingepigwa. Kichungi alivaa gauni lake la mahafali, lililokuwa sasa linabana tumboni. Alimshika binti yao mkono. Alipoingia, fundi wa maabara aliacha alichokuwa akifanya, akaja kumsalimu kwa mikono miwili.

"Mwenyewe amekuja," akasema fundi, kwa sauti iliyosikika.

Mrefu alipewa kazi ya kupitisha chai. Alikuwa na trei mikononi, vikombe sita, alipomwona Profesa anamwendea mkewe kwa ukunjufu wake wote. Alijua. Kabla neno halijatamkwa alishajua, akaharakisha, lakini mtu aliyebeba vikombe sita vya chai ya moto haharakishi.

"Njoo hapa, mwanangu," Profesa alikuwa akisema. "Tumbo hilo! Mnaendeleaje?"

"Tunashukuru, Mama."

"Unajua ulinipa kazi ngumu sana siku ile? Kwa alama wewe ndiye uliyetangulia, sikufichi, tena kwa mbali. Lakini mwenzako alipotueleza hali yako, tukaona hapana, tusimtese mtoto wa watu. Safari za vijijini na mimba changa! Mimi mwenyewe nilipita huko, najua. Nikasema, mwacheni alee kwanza, zamu yake itafika."

Mrefu alikuwa amefika. Alisimama na trei yake, katikati yao, kwa urefu wake wote.

Kichungi hakumtazama. Alimtazama Profesa, akatabasamu tabasamu ambalo Mrefu hakuwahi kuliona, la mtu anayepokea zawadi asiyoiomba mbele za watu.

"Ahsante, Mama," akasema. "Ahsante kwa kunihurumia."

Kisha akanyoosha mkono, akachukua kikombe kimoja kwenye trei ya mumewe, akanywa. Walipopigwa picha, mpiga picha aliwaomba wasogeleane, naye Kichungi akasogea.

Njia ya kurudi nyumbani walitembea. Binti yao alitangulia, akiruka mifereji. Kichungi hakusema kitu hadi walipopita duka la mwisho, pasipokuwa na watu.

"Waliuliza nini hasa? Nipe maneno yenyewe."

Akampa.

"Walisema neno mimba?"

"Hapana."

"Walisema neno mtoto?"

"Walisema nyumbani mmejipangaje."

"Nyumbani mmejipangaje." Kichungi alirudia polepole, kama mwalimu anayesoma jibu la mwanafunzi akijaribu kuona angalau nusu ya alama. "Na wewe ukaona hapo pana nafasi ya kulipitisha tumbo langu."

"Lilinitoka tu. Wallahi lilinitoka tu."

"Ulimi hauna mfupa, eeh? Lakini ulijua pa kuelekea." Akasimama, akavua kiatu kilichomfinya, akakitikisa ingawa hakikuwa na mchanga, akakivaa. "Unajua kilichoniuma? Si nafasi. Ni lile jibu la gharama za tanuri. Umeniacha miezi yote hii najilaumu kwa jibu lililokuwa sahihi."

"Nisamehe."

"Mtoto anakwenda barabarani, mshike."

*

Hakukuwa na ugomvi. Mrefu aliungoja kama mtu angojavyo mvua ambayo wingu lake limeshaonekana, haukuja. Kichungi alipika, akafundisha watoto barazani, akaenda kliniki. Akiulizwa alijibu, asipoulizwa hakusema. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyemwambia lolote, alikaa mezani akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mnakula kama watu wa msibani wasiojuana?"

"Joto tu, mama," akasema Kichungi.

Na lililomshinda Mrefu kabisa ni kwamba mkewe aliendelea kumsaidia. Mkaa mzima wa wiki ile ulitoka mweupe, mfu, magunia kwa magunia. Hakuwa na uso wa kumuuliza mkewe, lakini mkewe aliona majivu meupe kwenye suruali yake alipokuwa akifua.

"Mlifungua mlango mapema," alimwambia. "Hewa iliingia. Iacheni mifupa ipoe na mlango umefungwa mpaka kesho yake."

"Huna haja ya kuniambia," akasema Mrefu.

"Nina haja. Ukifukuzwa tutakula nini? Mimi nina miezi mitatu nijifungue." Akaikung'uta suruali, akaining'iniza. "Wewe fanya kazi. Mtoto azaliwe, kodi ilipwe. Hayo mengine nitayabeba mwenyewe, nimeshayapangia mahali."

Angepigwa kofi, Mrefu angelala usingizi. Wema ule ulimkosesha usingizi. Akaanza kujiona akifanya jambo. Alijiona anaingia ofisini kwa Profesa, anasema kila kitu, anaiweka nafasi mezani kama mtu anayerudisha pochi aliyookota. Alijiona anarudi nyumbani, anamwambia mkewe *ni yako, sasa ni yako*, na uso ule wa koridoni unarudi. Kadiri alivyoliwaza ndivyo lilivyokuwa tamu, hadi akasahau kujiuliza kama lilikuwa tamu kwa mkewe au kwake yeye.

Asubuhi moja akaenda, bila kumwambia mtu.

Profesa alimsikiliza miwani ikiwa kifuani. Mrefu alisema yote: kwamba mkewe alimkataza kusema, kwamba hakuulizwa akasema, kwamba mradi ulikuwa wa mkewe tangu mfupa wa kwanza, kwamba yeye anajiuzulu leo hii ili nafasi irudi kwa mwenyewe. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, na moyo wake umekuwa mwepesi, mwepesi kabisa.

"Umeshaandika barua?" akauliza Profesa.

"Hii hapa."

Profesa aliisoma, akaigonga muhuri wa kupokelewa.

"Umefanya uungwana," akasema. "Lakini nani alikwambia nafasi ni kama kiti cha hafla, kwamba ukisimama wewe akae mkeo? Kuna aliyeshika namba ya akiba. Yule kijana mliyefanya naye usaili. Wafadhili wana orodha yao, na kwa mkeo waliandika wenyewe kwamba hawezi safari. Mimi nitayafutaje hayo leo, na tumbo linaonekana?"

"Lakini alitangulia kwa alama! Ulisema mwenyewe!"

"Nilisema." Profesa aliiweka barua kando. Uso wake ulionyesha kwamba jambo lile halimfurahishi, na kwamba hatalifanyia kitu. "Niambie, yeye anajua kwamba uko hapa?"

"Hapana," akasema Mrefu.

"Basi ungemuuliza kwanza," akasema Profesa. "Mimi ningemuuliza."

*

Kichungi alikuwa barazani na watoto wake wa hesabu. Alipomwona mumewe anaingia saa za kazi, aliwaambia watoto waende wakacheze, watarudia kesho. Mama alikuwa kizingitini na sinia lake la maharagwe. Mrefu hakuweza kukaa. Alilisema akiwa amesimama, mbele ya mama yake, kwanza la usaili, maana mama hakulijua, kisha la asubuhi ile.

Mama aliliweka sinia chini. "Ulimsema mkeo?" aliuliza, kama hakusikia vizuri. "Mtoto wangu mimi?" Akajifunika uso kwa upande wa kanga.

Kichungi alikuwa bado ameshika chaki. Aliiangalia, kisha akaiweka juu ya ubao taratibu, isivunjike.

"Umejiuzulu."

"Nilitaka urudishiwe haki yako."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Dhamiri yangu..."

"Dhamiri yako." Kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai, sauti yake ilipanda. "Dhamiri yako ilikuwa inakusumbua, ukaenda ukaitua pale mezani kwa Profesa, sasa umepumzika. Si umepumzika? Unaonekana umepumzika! Na mimi? Mshahara ule ndio uliokuwa wa kujifungulia. Ule ndio niliokuwa nimekubali kuumeza, niumeze na uchungu wake, mtoto huyu azaliwe mahali pasafi. Nilikuwa nimeshaumeza, mume wangu! Umekuja kunitapisha."

"Nilidhani..."

"Mara ya kwanza uliingia mle ukanisemea. Leo umekwenda ukanisemea tena. Hata ukitaka kunitendea wema, huniulizi."

Mama alikuwa akilia kimya. Barabarani watoto wa hesabu walikuwa wakicheza wakihesabu kwa sauti, wakikosea, wakianza upya.

*

Kesho yake Kichungi alivaa viatu vyake vya chini akaenda chuoni. Mrefu alisema amsindikize, akaambiwa abaki na mtoto. Alibaki. Alipika, akaunguza, akapika tena. Mama yake alikula bila kumtazama.

Kichungi alirudi alasiri. Alikaa barazani kwenye kibao cha wanafunzi wake, miguu imevimba juu ya kamba za viatu, akaongea kama anayetoa taarifa.

"Nafasi amepewa yule kijana. Profesa ameniomba nimfundishe tanuri. Wataniandika msaidizi wa maabara, kwa kutwa, mpaka nitakapojifungua. Malipo ni ya kibarua. Nimemwambia na jina langu liwe kwenye andiko la utafiti, akasema ataangalia." Akapumua. "Kijana mwenyewe hana ubaya. Aliniamkia, akaniuliza aje na daftari la ukubwa gani."

Mrefu alipandisha sauti.

"Msaidizi? Wewe? Umfundishe mtu kazi yako alipwe yeye? Hapana, hiyo haiwezekani. Kesho naondoka hapa asubuhi na mapema, namwendea Profesa, nakwenda kumwambia..."

Kichungi aliinua uso akamtazama. Alimtazama tu, kwa uchovu, akingoja kuona kama atamaliza.

Mrefu akafunga mdomo.

Alisimama pale mikono ikimning'inia, hajui aiweke wapi. Kisha akapiga goti mbele ya kibao, akaanza kumfungua mkewe kamba za viatu, na mkewe hakumzuia wala hakumsaidia.